Knicks hawakuangushwa na woga

Timu inayopewa nafasi kubwa ikiporomoka mwishoni, watu husema imeingiwa na woga. Tuanze na hesabu. Mei 21, 2025, katika mpira wa kikapu wa Marekani (NBA), New York Knicks waliongoza Indiana Pacers kwa pointi 14 zikiwa zimesalia dakika zisizofika tatu, wakafungwa 138-135 katika muda wa nyongeza. Aaron Nesmith wa Pacers alitia mitupo sita ya pointi tatu robo ya nne. Nao Pacers walicheza faulo za makusudi: saa inasimama, mpinzani anapata mitupo huru miwili, mpira unarudi kwao. Ukitia mtupo mmoja, nao wakajibu kwa mtupo wa pointi tatu, umepoteza pointi mbili kwa sekunde chache. Hapo ndipo penye kiini: sekunde 15 za mwisho, Towns na Anunoby wa Knicks walikosa mtupo huru mmoja mmoja. Tyrese Haliburton wa Pacers akasawazisha kengele ikilia, 125-125.