Petroli huwaka kabla moto haujaifikia

Tone la petroli likidondokea sakafu ya saruji, hukauka mbele ya macho yako. Tone la maji la ukubwa uleule hukawia sana. Vyote viwili ni vimiminika: chembe zao zimesongamana, ila zinateleza moja juu ya nyingine, ndiyo maana hufuata umbo la chombo. Tofauti ni jinsi chembe hizo zinavyovutana. Za maji hushikana kwa nguvu. Za petroli hushikana kidogo tu, na kwa kuwa chembe za kimiminika hazitulii hata kidogo, zile zenye kasi zaidi huchomoka na kupotelea hewani. Harufu unayoisikia ukipita kituo cha mafuta ni chembe hizo, tayari zimeshaingia puani.

Jambo hili ningependa kila dereva wa bodaboda na kila muuza mafuta ya chupa alielewe: kinachowaka ni mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto la Kampala. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara 3 hadi 4. Hutambaa chini, ukafuata mtaro, ukafika kibandani kwa mtu anayechoma chapati kwenye sigiri, na mwali ukarudi kwa njia ileile. Kigogwa, nchini Uganda, Oktoba 2024, watu walikuwa wakichota petroli kwenye lori lililopinduka. Likalipuka, na zaidi ya watu 10 wakafa.

Mafuta ya taa yana chembe kubwa zaidi, zinazoshikana zaidi. Huhitaji joto la nyuzi 38 hivi au zaidi ndipo mvuke wake utoshe kuwaka. Muuzaji anayeyachanganya na petroli ili aongeze faida anakiondolea kibatari kinga hiyo, na kibatari kinaweza kulipuka watoto wakiwa wanasoma. Siwezi kuiita hiyo biashara.

Halafu kuna jerikani "tupu". Mvuke huwaka ukiwa takriban sehemu 1 hadi 8 kati ya 100 za hewa. Ndani ya tangi lililojaa huwa umezidi kiasi hicho. Matone machache yaliyobaki chini huweza kuuleta pale pale panapolipuka. Fundi wa kuchomelea asidanganyike kwa kulisuuza tangi kwa maji: chembe za maji hung'ang'aniana zenyewe, haziipokei petroli, nayo huelea juu.

Kwa sababu hiyohiyo, usimwagie maji petroli inayowaka, kwani yataubeba moto na kuusambaza. Moto mdogo ufukie kwa mchanga mkavu au tumia kizimamoto cha povu. Likiwa lori lililopinduka, ondoka kwa miguu kuelekea upepo unakotoka, panda mwinuko, na pikipiki yako iache palepale bila kuiwasha.