Mgongo wa askari mstaafu: tiba ipi imfae nani?

Wazee wanaotufikia kutoka kambi Vangu, Katuba au Ruashi, hapa Lubumbashi, huja na mfuko mdogo wa plastiki. Kabla hawajaketi sawasawa wanaumwaga mezani: parasetamoli, diklofenaki, tramadoli iliyonunuliwa kidonge kimoja kimoja kwenye farmasi ya mtaani. "Nimemaliza zote, dokta." Nikijitambulisha kuwa mimi ni mwanasaikolojia, si wa sindano, uso unabadilika.

"Njo kusema niko kichaa?"

Hapana, papa. Na swali hilo halirukwi, maana aliyetoka na hisia kwamba ameitwa mwongo harudi wiki ijayo.

Maumivu huitwa sugu yakizidi miezi 3. Mara nyingi kidonda kimeshafunga, ila mishipa ya fahamu na ubongo vimebaki vikilinda, kama mbwa aliyezoea wezi anayebwekea hata jani likianguka. Mgongo unauma kwelikweli. Kinyume chake pia kipo: mwaka 1946 daktari wa Marekani Henry Beecher aliandika juu ya askari waliojeruhiwa vibaya vitani, ambao karibu robo tatu yao hawakutaka dawa ya maumivu walipoulizwa. Kwao jeraha lilimaanisha wameokoka. Ukubwa wa jeraha na ukubwa wa maumivu havipimwi kwa mizani moja.

Mwili upimwe kwanza. Miguu ikilegea ghafla, mkojo au choo kikishindwa kuzuilika, ganzi ikiingia sehemu za siri, homa au kukonda kusikoeleweka, hayo ni ya hospitali siku hiyohiyo. Na anayemeza tramadoli kila siku asiiache kwa mkupuo mmoja. Ipunguzwe taratibu, daktari akiangalia.

Hapo ndipo kazi yetu inaanza, na haianzi kwa jina la tiba. Naanza kwa kuuliza: umeacha kufanya nini? Mmoja atasema hainami tena hata kufunga kamba za viatu, anaogopa kitu kitakatika mgongoni. Mwingine hajaacha lolote, na hilo ndilo tatizo lake: siku nafuu anabeba bidoni sita za lita 20 na kulima shamba zima, kisha siku tatu yuko kitandani. Jeshini alifundishwa kwamba kupumzika ni uvivu. Wote wawili inawafaa tiba ya utambuzi na tabia, yaani mazungumzo na mazoezi ya kubadili namna ya kufikiri na kutenda, lakini kazi ya nyumbani inatofautiana. Wa kwanza anarudishwa kwenye kuinama hatua kwa hatua, mtu wa kine, yule wa mazoezi ya viungo, akiwa karibu. Wa pili anaambiwa alime dakika 10 akipima kwa saa ya simu, kisha akae, hata kama bado ana nguvu. Saa ndiyo inayomsimamisha. Akingoja maumivu yamsimamishe, amechelewa. Wengi hawapendi agizo hili kabisa.

Swali la pili nalitazama zaidi kuliko kuliuliza. Je, mzee huyu anahamisha kiti ili aone mlango? Maumivu hupanda akisikia mlio, au usiku akiota? Basi mgongo na vita vimefungwa fundo moja, na kuhesabu bidoni hakutalifungua. Ipo tiba ya kutambua na kutamka hisia zilizomezwa: hasira, majonzi, hatia juu ya wenzake aliowaacha nyuma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 uliilinganisha na tiba ya utambuzi na tabia kwa wastaafu 126 wa jeshi la Marekani, wenye miaka 60 hadi 95, huko Los Angeles. Walioona maumivu yakipungua kwa angalau asilimia 30 walikuwa 63 kwa kila 100 kwenye tiba ya hisia, dhidi ya 17 kwenye tiba ya utambuzi na tabia. Waliokuwa na huzuni, wasiwasi au makovu ya vita moyoni zaidi ndio waliofaidika zaidi. Ni utafiti mmoja, tena wa wazee wa kule. Siuhamishii Katuba kama ulivyo.

Hapa kwetu kuna mambo ambayo karatasi zile haziyataji. Koloneli akiwemo kwenye kikundi, kaporali hasemi neno; miaka 20 nje ya jeshi na bado anakaa wima. Kwa hiyo vikundi tunavigawa kwa vyeo. Na lugha: mtu anakusimulia kwa Kiswahili vizuri kabisa, akifika penye uchungu anaingia Lingala, lugha ya kambini. Mwachie aendelee nayo, na kama huielewi, mtafutie anayeielewa.

Aliyepoteza mguu na bado anasikia vidole vyake vinapindwa ana njia yake. Kioo kirefu, hata cha mlango wa kabati, kinasimamishwa kati ya mapaja, mguu mzima ukionekana kama miwili. Anauchezesha akitazama kioo, dakika 15 kwa siku, kwa wiki 4. Jaribio la mwaka 2007 kwa askari wa Marekani waliokatwa mguu lilionyesha nafuu kwa waliotumia kioo wazi. Waliofunikiwa kioo hawakuipata vile. Gharama ni kioo.

Asiyelala tunaanza na usingizi wake. Aliyezunguka miaka akitafuta dawa ya kumaliza kila kitu tunamfundisha kuishi na kinachobaki, arudi kanisani na kwa wajukuu hata kiuno kikilalamika.

Ukimleta mzee wako, njoo na daftari la wiki moja: ameamka saa ngapi, amebeba nini, maumivu yalipanda akifanya nini, nani alikuwepo. Mama ndiye aandike, si yeye. Wazee hawa ukiwauliza watakujibu "niko muzuri" huku wameshikilia fremu ya mlango.