Wanafunzi Wanaoongoza Kazi za Mazingira kwa Kujitolea: Dhana Potofu na Ukweli

Nchini Uganda, kuanzia Arua hadi Kampala, si ajabu siku ya Jumamosi kuwakuta wanafunzi wa sekondari na wa vyuo wakiwa na majembe, miche na magunia ya taka. Kazi hiyo ina heshima yake, na wanaoipongeza ni wengi. Hata hivyo, pamoja na pongezi hizo yamezuka mawazo yasiyo sahihi kuhusu namna ya kuiongoza, na mawazo hayo huwachosha mapema vijana wenye nia njema, huku wenyeji waliowapokea wakibaki na miche iliyokauka na mitaro iliyoziba upya.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba kikundi kilichopanda miche mingi zaidi ndicho kilichofanya kazi kubwa. Ukweli ni kwamba mche hauhesabiki kuwa mti mpaka uvuke kiangazi chake cha kwanza, na hapo ndipo kalenda ya shule inapogongana na kalenda ya mvua. Kaskazini-magharibi mwa nchi mvua huanza kupungua kuelekea Novemba, kisha jua huwaka kuanzia Desemba. Na Desemba ndiyo mwezi ambao shule hufungwa na wanafunzi hutawanyika makwao hadi Februari. Mche uliopandwa Oktoba kwa shangwe na hotuba huachwa peke yake katika wiki ambazo unahitaji maji kuliko wakati mwingine wowote, na mbuzi wanaofunguliwa baada ya mavuno humaliza kilichosazwa na jua. Kiongozi anayeielewa kazi yake hupanda mapema, mvua zinapokuwa zimeshika, na hupanda michache anayoweza kuitunza. Kila mche huwekewa matandazo ya nyasi kavu kulizunguka shina bila kuligusa, huzungushiwa matawi ya miiba, kisha hukabidhiwa kwa jina kwa mkazi wa jirani ambaye alishirikishwa tangu siku ya kuchimba mashimo. Mkazi huyo ndiye atakayekuwapo Januari.

Aina ya mti nayo ina uzito wake. Mkaratusi hukua haraka na nguzo zake huuzika, kwa hiyo mwenye shamba la mlimani anaweza kuwa na sababu nzuri ya kuupanda. Lakini kuupanda kando ya chemchemi au ndani ya kinamasi ni kuyaondoa maji yale yale ambayo kikundi kilikwenda kuyalinda. Mvule, ambao ni mti wa asili, huchukua muda kuonekana katika picha, na pengine ndiyo sababu husahaulika.

Wapo pia wanaoamini kwamba mwanafunzi huenda kijijini kuwaelimisha watu wasiojua thamani ya mazingira yao. Dhana hii huwakera wazee, na wana haki ya kukereka. Buganda ina desturi ya bulungi bwansi, ambayo kwayo watu wa kijiji hutoka pamoja kusafisha visima na kutengeneza njia, na desturi hiyo ilikuwapo zamani kabla ya klabu yoyote ya mazingira kuundwa shuleni. Mama anayelima magimbi ukingoni mwa kinamasi anajua vizuri kuliko mgeni yeyote maji yalifika wapi miaka ya nyuma. Analima pale kwa kuwa shamba la juu halitoshi au limechoka. Takwimu za serikali zinaonyesha kwamba ardhioevu ya Uganda imepungua kutoka takriban asilimia 15.6 ya eneo la nchi mwaka 1994 hadi karibu asilimia 9 katika miaka ya hivi karibuni, na ujinga wa wakulima hautoshi kueleza upungufu wa kiasi hicho. Mwanafunzi anayeanza kwa kuuliza atapata jambo la kufanya. Anayeanza kwa kuhutubia atapigiwa makofi, kisha watu watarudi shambani.

Kuhusu mamlaka, makosa hufanyika pande mbili. Baadhi husema mazingira ni kazi ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na mwanafunzi hana nafasi. Katiba ya mwaka 1995 inasema vinginevyo: kifungu cha 39 kinampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 17 kinahesabu kuyaunda na kuyalinda mazingira hayo kuwa wajibu wa kila raia. Wengine huvuka upande wa pili na kudhani kwamba nia njema ni kibali tosha, wakaanza kuchimba au kupanda watakapo. Kanuni za mwaka 2000 zimeweka ukanda wa hifadhi wa meta 200 kando ya Ziwa Victoria, na mito nayo ina mipaka yake. Kabla ya jembe kugusa udongo wa maeneo hayo, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na afisa wa mazingira wa wilaya wanapaswa kujua.

Dhana nyingine husema usafi umekamilika magunia yanapojaa. Wengi wamewahi kuona mfereji ulioziba kwa kaveera (mifuko ya plastiki) na chupa ukizibuliwa kwa bidii, tope likarundikwa pembeni pale pale, na mvua ya usiku mmoja ikalirudisha lote ndani. Kiongozi hupanga kwanza gari litakalobeba na mahali litakapomwaga, na mahali penyewe pana uzito: tarehe 10 Agosti 2024 jaa la Kiteezi, lililopokea taka za Kampala, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30 waliokuwa wakiishi au kufanya kazi karibu nalo. Kutenganisha taka za jikoni ili ziwe mboji, na chupa ili ziuzwe, hupunguza mzigo unaopelekwa kwenye majaa ya namna hiyo. Kazi hii huhitaji fedha za glavu na usafiri, kwa hiyo kudhani kwamba kujitolea hakuna hesabu ni kosa. Mweka hazina anayesoma mapato na matumizi mbele ya wanachama wote huzuia ugomvi mwingi.

Mwisho ni dhana kwamba kiongozi ni yule anayejulikana. Vanessa Nakate, mwanaharakati wa tabianchi wa Uganda, alipoanza kusimama na bango Kampala Januari 2019 hakuwa na umaarufu wowote, na baadaye alianzisha mradi wa kupeleka umeme wa jua na majiko bora shuleni. Sauti na kazi za mikono zinaweza kwenda pamoja. Kinachoviua vikundi vingi vya shule ni kitu cha kawaida zaidi: kiongozi yuko kidato cha sita, anafanya mtihani Novemba, anaondoka na namba za simu, orodha ya miche na ahadi zote alizowapa wanakijiji. Makabidhiano yafanyike muhula wa pili, mrithi akiwa wa kidato cha tano, na waende wote wawili kwa mwenyekiti, kwa afisa wa wilaya na kwa kila mkazi anayetunza mche.