Je, wajua? Amplifaya ya gitaa inaweza kukupiga shoti hata ukiwa umeshaichomoa

Tuseme umepata amplifaya ya zamani ya gitaa, ile ya valvu, zile taa za kioo zinazowaka rangi ya machungwa kwa ndani, wengine wanaziita tyubu. Imelala stoo miaka 30 au 40 na hata mwenyewe hajui kama bado inalia. Najua mkono unawasha, unataka uichomeke uone, halafu ikikaa kimya uichomoe, ufungue chasisi (lile boksi la chuma lenye vifaa vya ndani) uanze kuchokonoa maana si umeshatoa plagi bwana, kuna umeme gani tena. Hapo umefanya makosa mawili kwa mpigo, na kinachochekesha ni kwamba yote mawili yanatokana na kitu kimoja tu, kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme), ambayo kwanza inaoza kwa kukaa bure na pili inashika umeme hata ukiuondoa.

Tuanze na kushika umeme. Valvu inafanya kazi hivi: ndani ya kioo kisicho na hewa kuna kathodi inayopashwa moto, ikipata moto inarusha elektroni ziende kwenye pleti (bati la chuma linalozipokea), na katikati kuna gridi inayozibana au kuziachia kufuata sauti ya gitaa. Hiyo gridi aliiweka Mmarekani Lee de Forest mwaka 1906 na ndiyo iliyofanya valvu iweze kukuza sauti. Sasa ili elektroni zikubali kuruka kwenye utupu unahitaji volti za maana, kwenye amplifaya nyingi za gitaa ni kati ya 300 na 500, na sio umeme wa kubadilika kama wa ukutani, ni DC, yaani unaokwenda upande mmoja tu. Kwa hiyo transfoma inapandisha, rektifaya inanyoosha iwe DC, halafu kapasita kubwa zinalainisha yale mawimbi yanayobaki ili usisikie mvumo kwenye spika. Chukulia kama tangi la maji juu ya paa, maji ya bomba yanakuja kwa kusuasua lakini wewe bafuni unapata mkondo uliotulia.

Na tangi ndio hivyo, ukifunga bomba la nje maji yaliyoko juu hayaendi popote.

Ile iliyolala miaka yote hiyo haina kitu ndani, ilishajimaliza zamani. Hatari inaanza pale ulipoijaribu dakika moja ukachomoa. Ukizima wakati valvu zina moto na swichi ya standbai (inayokata volti kubwa huku valvu zikibaki na moto) iko upande wa kupiga, mara nyingi valvu zenyewe zinamaliza chaji, lakini kama zilikuwa hazijapata moto, au umezichomoa, au standbai imekata njia, chaji inabaki inakusubiri. Kapasita ya maikrofaradi 40 ikiwa na volti 400 ina jouli 3 na ushee na zinatoka zote mara moja, kwa hiyo usiichukulie poa. Dawa yake ni rezista (kifaa cha kubana mkondo wa umeme) ya kiloomu 10 yenye wati 5 au zaidi, iunganishe na waya wenye klipu, upande mmoja bana kwenye chasisi kwanza kisha upande wa pili gusisha kwenye chanya ya kapasita, mkono mmoja tu unafanya kazi na mwingine umekaa mfukoni ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Hata zikiwa maikrofaradi 100 zenye volti 450, sekunde 5 zinatosha kuzishusha hadi volti 3 hivi. Usitumie bisibisi kupiga shoti, yaani kugusanisha ncha za kapasita moja kwa moja, kama wanavyofanya mafundi wa kujionyesha, cheche ile inatoboa chuma na inaumiza kapasita yenyewe. Halafu pima kwa mita, kila kapasita, na pima tena baada ya dakika chache kwa sababu kapasita zina tabia ya kurudisha volti kidogo kidogo hata ukidhani umezimaliza.

Haya, sasa kuoza, na hapa ndipo mimi napapenda. Zile kapasita kubwa ni za elektroliti, yaani ukizipasua utakuta karatasi mbili za alumini zimeviringishwa pamoja na karatasi ya kawaida iliyoloweshwa majimaji ya kikemikali. Watu wanadhani hiyo karatasi ndio inazuia umeme usipite, hapana, kinachozuia ni utando wa oksidi juu ya alumini, mwembamba kiasi kwamba haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita, na huo ndio unaosimama mbele ya volti 450. Wembamba wake ndio unafanya kapasita ndogo iweze kubeba chaji nyingi. Sasa utando huu unatengenezwa na umeme wenyewe: kapasita ikipewa volti kila siku, kale kamkondo kadogo kanakovuja kanaziba palipotoboka, yaani inajitibu ikiwa kazini. Ikikaa miaka bila umeme hakuna wa kuziba, utando unalika, na pembeni mpira wa kuzibia unazeeka na majimaji yanakauka taratibu. Kwa hiyo amplifaya iliyopigwa kila wiki inaweza kuwa na kapasita nzima kuliko pacha wake aliyefunikwa shuka akatunzwa kama yai.

Ukiipa hiyo kapasita volti 400 ghafla, utando uliolika unaachia mkondo mkubwa, mkondo unaleta joto, joto linaleta gesi, gesi inatafuta pa kutokea. Bahati nzuri inavimba na kumwaga uji wake. Bahati mbaya inapiga shoti kamili na kuondoka na rektifaya, au transfoma ya umeme ambayo ndiyo ya thamani na ndiyo ngumu kupata ya asili.

Kuna wanaosema unaweza kuzirudisha kwa kuzipandishia volti polepole kwa masaa kadhaa kupitia rezista, na ni kweli utando unajengeka upya, ila majimaji yaliyokauka hayarudi. Mimi msimamo wangu ni kwamba kapasita ya elektroliti ya miaka ya 1960 inatolewa tu, unaweka mpya zenye uwezo uleule na volti sawa au zaidi, unaangalia chanya na hasi mara mbili maana ukigeuza inapasuka. Za zamani zitie kwenye mfuko uziache ndani ya boksi la amplifaya, mnunuzi wa baadaye atafurahi kuziona.

Kabla ya kuwasha tengeneza kitu cha kijinga kabisa lakini kinaokoa: balbu ya kizamani ya nyuzi, wati 60 au 100 kulingana na ukubwa wa amplifaya (ya LED haifai), iliyofungwa mfululizo kwenye waya wa laivu (ule unaoleta umeme). Nyuzi za balbu zikiwa baridi zinapitisha umeme kirahisi, zikiwaka zinakaza. Amplifaya ikiwa nzima balbu inamulika kidogo kisha inafifia, ikiwa na shoti mahali balbu inawaka kwa nguvu zote na inabaki hivyo, yaani imeubeba yenyewe mzigo ambao ungechoma transfoma. Anza valvu zote zikiwa nje ucheki transfoma, halafu rudisha valvu ya rektifaya, halafu nyingine.

Kitu kingine cha kufukuza kwenye amplifaya za Marekani za miaka ya 1950 na 1960 ni ile kapasita ndogo iliyotoka kwenye waya wa umeme ikaenda moja kwa moja kwenye chasisi. Plagi zao zilikuwa na miguu miwili bila waya wa ardhi, hiyo kapasita iliwekwa kupunguza mvumo, na mafundi wenyewe wanaiita kapasita ya kifo. Fikiria: chasisi imeunganishwa na waya wa gitaa, waya wa gitaa umeunganishwa na nyuzi, nyuzi ziko mkononi mwako. Kapasita ile ikipiga shoti wewe ni sehemu ya laivu, na hutajua mpaka midomo iguse maikrofoni iliyofungwa ardhi vizuri. Itoe, funga waya wa miguu mitatu, wa ardhi uukaze kwa bolti kwenye chasisi, fyuzi na swichi vyote vikae upande wa laivu. Na hakikisha umejua ni ya volti 117 au 240 kabla ya yote, hilo sina haja ya kulieleza sana.

Rezista za kaboni za zamani hupanda thamani zikizeeka na kuleta mikwaruzo, pima, badilisha zilizopitiliza tu. Kapasita ndogo za kupitisha sauti ni za kuangalia zaidi: zinatakiwa kuzuia DC, zikivuja zinapeleka volti chanya kwenye gridi ya valvu za nguvu (zile zinazosukuma spika) na pleti inaanza kuwa nyekundu kama pasi. Na kwenye valvu, angalia ule mng'ao wa fedha kwa ndani ya kioo, ukigeuka kuwa mweupe kama maziwa hewa imeshaingia, hiyo tupa. Ukiweka valvu mpya za nguvu rekebisha bayasi (mkondo unaopita kwenye valvu ikiwa imetulia bila sauti), mfano valvu ya aina ya 6L6GC mwisho wake ni wati 30 za joto kwenye pleti, wengi wanakaa kwenye asilimia 70, yaani 21, kwa hiyo ikiwa na volti 420 unaipa miliampia 50.

Usiwashe kamwe bila spika. Transfoma ya kutolea sauti ikikosa mzigo inaweza kujirudishia volti kubwa kuliko inavyoweza kustahimili.

Siku ya kwanza ikilia, piga gitaa, igongegonge valvu kwa kalamu ya mbao usikie ipi inaitika, halafu ukimaliza chomoa huku standbai ikiwa upande wa kupiga na mita ukiwa umeibana kwenye kapasita ya kwanza kabla hujawasha. Utaona namba zinateremka zenyewe, 380, 200, 90, 30. Zikigoma huko juu, funga rezista ya kiloomu 220 ya wati 2 sambamba na kapasita hiyo, iwe inaitoa chaji kila unapozima bila wewe kukumbuka.