Nyonga iliyokakamaa si nyonga imara

Juzi tena, mazoezini, kijana mmoja katuambia hana haja ya kujinyoosha kwa sababu nyonga zake "zimekakamaa vizuri". Neno hili naona limeshapotosha watu wa kutosha.

Misuli ya kukunja nyonga ni ile inayoinua paja kuelekea tumboni, kama unapopanda ngazi au kupiga mpira. Mkubwa kati yao unaanzia kwenye pingili za kiuno, unapita ndani ya fupanyonga, unaishia juu ya mfupa wa paja, upande wa ndani. Kwa ng'ombe, huo ndio fileti.

Sasa neno lenyewe. Kukakamaa ni kuwa kigumu kisichokunjika, kama ngozi iliyoanikwa juani. Lakini kitenzi hichohicho kimezaa ukakamavu, nao tunausifu: askari mkakamavu, gwaride la kikakamavu, mazoezi ya ukakamavu. Upande wa pili kuna kulegea, na nani anapenda kuitwa legelege? Ndiyo maana mwalimu akisema "legeza nyonga", mwanafunzi anasikia "punguza nguvu", anagoma. Lugha imefunga ugumu na nguvu katika furushi moja, na mwilini ni vitu viwili.

Msuli unaweza kukaza na bado ukawa dhaifu. Mtazame dereva wa daladala: nyonga zimekunjwa kutwa, misuli haivutwi hadi mwisho wala haibebi mzigo wa maana. Ndiyo maana vipimo navyo ni viwili. Lala chali ukingoni mwa meza, miguu ining'inie, kisha kumbatia goti moja kifuani. Paja la pili likiinuka badala ya kutulia mezani, msuli umefupika. Kipimo hiki kinaitwa kwa jina la Hugh Owen Thomas, tabibu wa mifupa wa karne ya 19. Halafu kaa kitini, mgongo wima, uinue goti lipite usawa wa nyonga bila kujishikilia. Mguu ukishuka wenyewe, au mgongo ukilala nyuma kuusaidia, kilichopungua ni nguvu. Unaweza kushindwa vyote viwili siku hiyohiyo.

Mimi hilo la kwanza naliita unyumbufu, la pili uimara, na yote mawili yanafanyiwa mazoezi. Kwa hiyo, mdogo wangu, ukakamavu tuuache kwenye gwaride. Nyonga zako, kwa sasa, hazinyooki tu; kama zina nguvu, bado hatujapima.