Manukuu ya Kompyuta Pekee Hayatoshi
Kwa miaka mingi imeaminika kwamba video ikishawekewa manukuu, yaani maandishi ya kinachosikika, yanayotengenezwa na kompyuta yenyewe, basi viziwi wamekwisha kuhudumiwa. Sivyo. Kompyuta hukosea majina na mara nyingi haimtaji anayezungumza wala haielezi mlio wa king'ora, ilhali WCAG 2.0, mwongozo wa kuwawezesha watu wenye ulemavu kutumia wavuti, uliotolewa mwaka 2008 na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, unahesabu sauti hizo zenye maana kuwa sehemu ya manukuu. Ni lazima mtu ayasome na kuyasahihisha, kwani silabi moja tu ikidondoka, "usimeze" hugeuka "umeze", na hilo katika maelezo ya dawa ni hatari kubwa. Asiyeona naye huhitaji masimulizi yanayoeleza kinachoonekana, na kiziwi asiyeona hutegemea matini kamili inayosomeka kwa nukta nundu.