Stendi ya Skopu: Kilo Zilizoandikwa Kwenye Boksi Si Kipimo cha Utulivu

"Skopu yangu ina kilo 2, tripodi imeandikwa inabeba kilo 5. Si inatosha?" Swali hili la watazamaji ndege, kuhusu skopu (darubini ya jicho moja) na tripodi (stendi ya miguu mitatu), nimelisikia mara nyingi mno, na karibu kila anayeniuliza ameshanunua.

Haitoshi! Namba ile inakuambia kwamba stendi haitavunjika chini ya mzigo. Haisemi kama itatulia, na watengenezaji hawana kipimo kimoja wanachokifuata wote. Kila mmoja anapima anavyojua. Mpiga picha anabonyeza mara moja, kamera inamaliza kazi kabla mtikisiko haujaonekana. Wewe umekodoa jicho dakika kumi, kwa ukuzaji wa mara 60. Stendi ikicheza sehemu moja tu ya sitini ya digrii, kiasi ambacho kwa macho matupu hukioni, ndani ya skopu picha inayumba digrii nzima, yaani upana wa mwezi mpevu mara mbili. Ndege uliyekuwa unamtazama mistari ya bawa anageuka ukungu. Kisha mtu anakuja kulalamika kwamba lenzi ni mbovu, nayo ni nzima kabisa.

Kwa hiyo nenda dukani na skopu yako mwenyewe. Ifunge, panua miguu hadi kimo chako, peleka zumu mwisho, lenga maandishi yaliyo mbali. Sasa gonga mguu mmoja kwa kidole, uhesabu sekunde. Picha ikitulia kabla hujafika mbili, nunua. Ukifika nne bado inatetemeka, iache hapo hapo hata kama imeandikwa kilo 20.

Wengine wanaamini stendi nzito ndiyo imara. Si lazima. Angalia unene wa mabomba na jinsi maungio yanavyobana. Ya kaboni yenye mabomba manene inaweza kuishinda ya alumini iliyo nzito zaidi, maana kaboni humeza mtetemo upesi. Mguu wa vipande vitatu ni bora kuliko wa vipande vitano, na unapoupanua anza na bomba nene la juu. Lile jembamba la chini liwe la mwisho.

"Ikiwa fupi nitainua nguzo ya kati." Tafadhali usifanye hivyo. Umechukua miguu mitatu ukasimamisha mmoja juu yake. Skopu ya kutazamia kwa kuinama, ambayo sehemu ya jicho imepinda juu, haihitaji stendi ndefu. Ile iliyonyooka ndiyo inayohitaji, na hapo nunua miguu mirefu kweli.

Na kichwa, sehemu ya juu ya stendi inayoshika skopu: kiwe cha gololi? Kwa kamera, sawa. Skopu ukiilegezea gololi inainamisha pua chini na ndege umempoteza. Chukua kichwa cha video, kinachogeuka kulia na kushoto bila kupinduka, kisha sogeza bamba la skopu, lile linaloifunga kwenye kichwa, mbele au nyuma mpaka ukiiachia mkono ibaki pale pale ilipo. Hatua hii wengi wanairuka, nayo haigharimu kitu.

Na lile begi ambalo watu huning'iniza katikati ya stendi ili kuiongezea uzito: hewa ikiwa tulivu linasaidia. Upepo ukivuma linaanza kubembea na kuitikisa stendi yenyewe, isipokuwa umeliacha liguse ardhi. Mimi upepo ukianza hufupisha miguu yote mitatu, naitanua, nashusha zumu hadi 30, naketi chini.